Si kila presha ni ya maisha

Mtu akienda kliniki ya presha, iwe Temeke, Moshi au Kisumu, mambo huenda haraka. Anafungwa mkanda mkononi, mashine inapiga, namba inaandikwa kwenye daftari, anaambiwa apunguze chumvi, anapewa vidonge vya mwezi mmoja na tarehe ya kurudi. Namba isiposhuka anaongezewa kidonge cha pili, kisha cha tatu. Swali ambalo ni nadra kuulizwa katika dakika hizo chache ni hili: presha hii inatoka wapi? Kwa wagonjwa wengi swali hilo halina jibu moja, na daktari anayeliruka hakosei sana. Umri, uzito, chumvi na kurithi vimechanganyika kiasi kwamba hakuna kitu kimoja cha kung'oa. Lakini wapo wachache ambao presha yao ina anwani kamili. Juu ya figo, ndani ya tezi yenye uzito wa gramu nne hadi sita, kuna uvimbe unaomwaga homoni kwenye damu. Uvimbe huo ukiondolewa, wengi wao huacha vidonge au hubaki na kimoja. Wagonjwa hawa tunawapoteza, na naona kisingizio cha kwamba ugonjwa wao ni adimu au kwamba hatuna mashine hakitoshi. Kinachokosekana ni utaratibu: nani apimwe, sampuli yake iende wapi, na kisu kishikwe na nani.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo yake. Ganda la nje hutengeneza aldosteroni, inayoiamuru figo ishike chumvi na kuachia potasiamu, pamoja na kotisoli, inayosimamia sukari, kinga na namna mwili unavyohimili maradhi. Kiini cha ndani hutoa adrenalini na noradrenalini, zile zinazomfanya mtu aruke anaposikia honi ya lori mgongoni. Uvimbe ukiota sehemu yoyote kati ya hizo, mwili unaweza kumwagiwa homoni usizozihitaji. Aldosteroni ikizidi, presha hupanda, potasiamu hushuka na misuli hulegea. Kotisoli ikizidi, uso huwa wa mviringo, tumbo hukua huku miguu ikikonda, ngozi hutoka michirizi ya zambarau, sukari na presha hupanda pamoja. (Wengi wenye sura hiyo hawana uvimbe wowote. Wameipata kwa krimu za kujichubua zenye klobetasoli au kwa vidonge vya prednisoloni vinavyouzwa kama dawa ya kunenepesha, na hilo ni suala linalostahili makala yake.) Uvimbe wa kwenye kiini huitwa feokromositoma, nao ndio nitakaoushughulikia zaidi, kwa kuwa ndio unaoua ghafla. Na ipo saratani ya ganda lenyewe, ambayo humpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka.

Feokromositoma nayo ni adimu. Nchi zilizohesabu vizuri hupata wagonjwa wapya kati ya wawili na wanane kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Sawa, lakini tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilikuta Tanzania ina watu milioni 61.7. Kwa kiwango hicho, Tanzania peke yake ingepaswa kugundua wagonjwa kati ya 120 na karibu 500 kila mwaka, na Kenya, iliyokuwa na watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, kati ya 95 na 380. Majarida yetu ya kitabibu bado yanamwandika mgonjwa mmoja mmoja kama tukio la kipekee. Wengine hawajayeyuka. Wamo kwenye foleni ya kliniki ya presha, wamo wodi ya wazazi, wamo kwa waganga, na baadhi wamekwisha kuzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Kwamba ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa si jambo la jana. Mwaka 1886 daktari Felix Fränkel wa Freiburg, Ujerumani, aliandika habari za msichana wa miaka 18 aliyekuwa akishikwa ghafla na mapigo ya moyo, kichwa kuuma na kutapika, hadi akafa. Mwili ulipopasuliwa, tezi zote mbili zilikutwa na uvimbe. Miaka 40 ilipita kabla ya kusikika kwamba kuna aliyepona. Mwaka 1926 César Roux huko Lausanne na Charles Mayo huko Rochester, Minnesota, kila mmoja kwa wakati wake, waliondoa uvimbe wa aina hii na wagonjwa wakaishi, ingawa Mayo alifungua tumbo bila kujua atakuta nini. Leo kujua kabla ya kupasua hakuna miujiza. Adrenalini ikichakatwa ndani ya uvimbe huacha metanefrini, na hiyo huvuja muda wote, hata saa ambazo mgonjwa anajisikia mzima. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la JAMA ulionyesha kuwa kupima metanefrini huru kwenye damu hunasa wagonjwa 99 katika kila 100, na kupima za kwenye mkojo hunasa 97. Vipimo vinavyofika hapo ni vichache sana katika tiba nzima. Kazi inakwama hatua moja nyuma ya kipimo, pale ambapo mtu fulani alitakiwa afikirie kukiagiza.

Dalili zenyewe huhadaa. Kichwa kinagonga, jasho linatiririka mtu akiwa kivulini, moyo unakwenda mbio, uso unapauka, mikono inatetemeka, na hofu ya kufa inamkaba. Baada ya robo saa au nusu saa yote yamepita. Akifika zahanati presha imeshuka, na anayempima anaona mtu mwenye afya anayelalamika. Nyumbani watasema majini, kazini watasema mawazo, na kwenye kituo cha afya huenda akaandikiwa propranololi ya kutuliza moyo. Dawa hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko majini. Propranololi na ndugu zake hufunga njia ambazo adrenalini huzitumia kutanua mishipa ya misuli, lakini huacha wazi zile za kuibana. Ni sawa na kuziba mlango wa kutokea huku umati ukiendelea kuingia, na presha inaweza kuruka hadi kiwango cha kupasua mishipa ya ubongo. Sindano ya metoklopramidi ya kuzuia kutapika inaweza kuleta balaa hilo hilo, deksamethasoni pia, na hata nusu kaputi ya operesheni ya ngiri isiyohusiana na tezi hizi kabisa. Kwa mjamzito hali ni ngumu zaidi, maana presha ya uvimbe hufanana na ile ya kifafa cha mimba. Viashiria vya kutofautisha vipo: presha iliyoanza kabla ya wiki ya 20, inayopanda na kushuka kwa vipindi, mara nyingi bila protini kwenye mkojo. Ila huonekana kwa anayevitafuta tu. Uvimbe ukijulikana kabla ya uchungu, mama wengi hupona. Usipojulikana, uchungu wenyewe au usingizi wa upasuaji unaweza kuwa ndio mwisho. Na tusijione wa mwisho duniani: hata katika nchi zenye kila kifaa, mgonjwa wa ugonjwa huu huzunguka takriban miaka mitatu tangu dalili ya kwanza hadi kupata jibu.

Pingamizi la kwanza ni la bajeti, na ni la haki. Nchi ambazo bado zinazika watoto kwa malaria zina sababu gani ya kuhangaikia uvimbe wa watu mia chache? Kama ningekuwa naomba jengo jipya na mashine za mabilioni, ningekaa upande wa wapingaji. Lakini presha yenyewe si adimu. Utafiti wa kitaifa wa STEPS ulikuta presha kwa takriban asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 mwaka 2012, na kwa asilimia 24 hivi ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 mwaka 2015. Kliniki hizo tayari tunazilipia, na vidonge vyake tunavilipia, pamoja na kiharusi na usafishaji wa figo vinapofuata. Tena aldosteroni kuzidi, ambayo chanzo chake mara nyingine ni kivimbe kimoja cha kuondolewa na mara nyingine ni tezi zote mbili kufanya kazi kupita kiasi, si jambo la nadra hata kidogo: hukutwa kwa watu watano hadi kumi katika kila 100 wenye presha, na zaidi ya hapo kwa wale ambao dawa hazishiki. Ndiyo maana Endocrine Society ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2025, imependekeza kila mwenye presha apimwe homoni hiyo. Huku kwetu upo ushahidi wa karibu zaidi. Utafiti uliofanyika Nigeria, Kenya na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2017 uliwagawa wagonjwa 105 ambao presha yao ilikuwa haishuki. Waliochaguliwa dawa kwa kufuata vipimo vya aldosteroni na renini, kimeng'enya cha figo kinachoiamsha, nusu yao walifika chini ya 140/90, na waliotibiwa kwa mazoea waliofika hapo walikuwa asilimia 11 tu. Dawa zilizoleta tofauti, kama amiloridi na spironolaktoni, ni za zamani na si za kuogofya bei. Kwa hiyo mlango unaofunguliwa kwa ajili ya uvimbe adimu utapitiwa na watu wengi ambao ugonjwa wao si adimu.

Pingamizi la pili linatoka kwa madaktari wenyewe, na lina nguvu kuliko la kwanza. Wanasema ukiwaruhusu watu kupima, watapima kila mtu. Wana haki ya kuogopa. Chukua wagonjwa 1,000 wa presha wa kawaida. Miongoni mwao huenda wawili ndio wenye feokromositoma. Kipimo cha damu kinachonasa 99 kati ya 100, kwa mujibu wa utafiti ule ule wa 2002, pia huwasingizia watu 11 katika kila 100 wasio na uvimbe. Maana yake katika wale 1,000 kitawanyooshea kidole watu 110 hivi wasio na kitu, ili kuwapata wawili. Cha mkojo husingizia zaidi. Watu hao watapelekwa CT-Scan, na baadhi watakutwa na kivimbe kisicho na madhara, kwa kuwa takriban watu wanne katika kila 100 wanaopigwa picha ya tumbo huwa nacho bila kujua. Wapo watakaopasuliwa bure. Amitriptilini tu, dawa ya kawaida ya sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, inatosha kupandisha majibu. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niikatae ile kauli ya kampeni za afya kwamba kupima ni kuzuri siku zote. Kupima ovyo huzalisha wagonjwa ambao hawakuwapo.

Tiba ya tatizo hilo ni kuchagua, na uchaguzi umekwisha kufanyiwa kazi katika miongozo ya kimataifa. Apimwe mwenye vipindi vya kichwa, jasho na moyo kwenda mbio vikija pamoja. Apimwe ambaye presha yake haitii dozi kamili za dawa tatu, mojawapo ikiwa ya kukojoza, na kijana aliyeanza na presha kali bila sababu ya wazi. Vilevile yule ambaye presha yake iliruka vibaya akiwa kwenye usingizi wa operesheni au baada ya kupewa dawa nilizozitaja, mwenye ndugu wa damu aliyewahi kupata uvimbe huu, na aliyekutwa kwa bahati na kivimbe cha adrenali ambacho kwenye picha hakionekani kuwa cha mafuta. Maneno hayo yanaenea nyuma ya kadi ya kliniki. Nesi anayeijaza kadi hahitaji kuwa bingwa wa homoni kuyasoma, na nadhani yeye, kuliko daktari anayebadilika kila zamu, ndiye mwenye nafasi nzuri ya kukumbuka kwamba mgonjwa huyu amekwisha kusema mara mbili habari ya jasho.

Sampuli nayo si kikwazo kama inavyodhaniwa. Damu ya metanefrini ina masharti: mgonjwa alale chali nusu saa, damu iingie kwenye barafu, izungushwe upesi, igandishwe. Kipimo hicho kibaki mijini. Mkojo ni mvumilivu zaidi. Mgonjwa anapewa dumu. Saa moja asubuhi anakojoa chooni, na haja hiyo haihesabiwi. Kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni, mchana na usiku, hadi saa moja ya asubuhi ya pili, ambapo haja ya mwisho nayo inaingia. Dumu linakaa mahali pa baridi. Haja moja ikisahaulika kipimo kimeharibika, kwa hiyo dakika tano za kumweleza mgonjwa zina thamani kuliko kemikali yoyote ya maabara. Kiasi chote kikishapimwa, kinachosafiri ni kichupa kidogo, na metanefrini za mkojo hustahimili safari ya siku kadhaa. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam kichupa hicho hakihitaji ndege. Njia ya sampuli tunayo tangu zamani, ile iliyobeba matone makavu ya damu ya watoto wachanga kwenda kupimwa VVU. Kinachotakiwa ni maabara moja tu ya kanda yenye mashine ya masi spektrometri na watu wanaoitumia kila wiki, maana mashine ya aina hiyo ikikaa bila kazi huharibika kuliko ikitumika. Kwa kotisoli kazi ni nyepesi zaidi: kidonge cha deksamethasoni cha miligramu moja saa tano usiku, damu ya kotisoli saa mbili asubuhi.

Picha hufuata baada ya homoni, isitangulie. Nalisema hili kwa sababu CT-Scan sasa zimeenea: Tanzania ilizipeleka hospitali za rufaa za mikoa kwa fedha za mkopo wa Uviko-19 wa mwaka 2021, na Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti. Mtu atakwenda kupigwa picha kwa sababu ya jiwe la figo, kivimbe kitaonekana, na majaribu yatakuwa kuingiza sindano ili kujua ni nini. Uvimbe wa adrenali ambao homoni zake hazijapimwa hauchomwi sindano. Kama ni feokromositoma, sindano hiyo inaweza kufyatua adrenalini yote kwa mkupuo.

Kisu nacho kinasubiri. Kwa siku 7 hadi 14 mgonjwa hupewa dawa ya kufungua mishipa iliyobanwa, na huyu ndiye mgonjwa pekee wa presha ninayemjua kitabibu anayeamriwa ale chumvi na anywe maji kwa wingi, kwa kuwa mishipa yake imekauka kwa kubanwa muda mrefu. Dawa yenyewe si ngeni madukani. Doksazosini ni ile ile wanayopewa wanaume waliovimba tezi dume. Propranololi ikihitajika huja baadaye, haitangulii kamwe. Zamani, kabla maandalizi haya hayajazoeleka, operesheni hii iliua watu mezani. Leo, katika hospitali zilizoizoea, vifo ni chini ya watatu katika kila wagonjwa 100, na tangu Michel Gagner alipoeleza njia ya laparoskopia mwaka 1992, wengi hutolewa uvimbe kwa matundu madogo na kurudi nyumbani baada ya siku chache. Neno zito hapo ni kuzoea. England ilipohesabu operesheni zake za adrenali za mwaka 2013 hadi 2014, ilikuta 795 zimefanywa na madaktari 222, na sehemu kubwa yao walifanya moja tu mwaka mzima. Wagonjwa wa wale waliofanya nyingi walitoka hospitali mapema na wakarudi mara chache zaidi. Kama nchi yenye huduma ya afya ya taifa, NHS, ilikuwa imetawanya ujuzi wake hivyo, sisi hatuna anasa ya kurudia kosa hilo.

Hapo ndipo mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaponikwaza. Mwaka 2014 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za vituo vya umahiri vya kanda, vikagawanywa kwa nchi: figo na mfumo wa mkojo Kenya, saratani Uganda, moyo Tanzania, uhandisi wa vifaa tiba Rwanda. Ni mpango mzuri. Lakini mtazame mgonjwa wa adrenali. Presha yake inamfanya wa moyo, uvimbe wake umekalia figo, na huenda ni saratani. Kwa mgawanyo huo anaweza kuzungushwa kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kila mmoja akisema huyu si wangu. Daktari wa homoni, ambaye ndiye angemshika mkono, hana kituo. Sipendekezi kituo cha tano. Napendekeza jopo moja linalokutana kwa video kila wiki, lenye mtu wa homoni, wa picha, wa usingizi, wa upasuaji na wa saratani kutoka vituo hivyo vitatu, na timu mbili au tatu za upasuaji katika kanda nzima zinazopokea wagonjwa wote ili mikono yao isisahau. Mafunzo ya pamoja si ndoto. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika chenye makao yake Arusha, kimekuwapo tangu 1999, na mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto yaliyoanza Nairobi mwaka 2008 yamewafundisha madaktari kutoka nchi nyingi za bara hili.

Atakayenijibu kwamba mpango huo unawaonea watu wa Kigoma na Turkana hatakosa hoja. Kukusanya wapasuaji mahali pachache ni kumwongezea mgonjwa nauli, malazi na ndugu wa kumsindikiza, na maskini ndiye atakayeshindwa kwanza. Nafuu iliyopo ni kwamba safari ni moja: kipimo kimesafiri bila yeye, wiki mbili za doksazosini anaweza kuzimalizia hospitali ya mkoa huku presha yake ikipimwa akiwa amekaa na akiwa amesimama, na baada ya operesheni anafuatiliwa karibu na nyumbani. Nauli yenyewe iingizwe kwenye malipo ya tiba. Kwa mtu wa Lodwar, tofauti kati ya operesheni iliyolipiwa na operesheni pamoja na basi ni tofauti ya kwenda na kutokwenda. Hata hivyo watabaki watakaochelewa, na yeyote anayeutetea mpango huu akubali hilo waziwazi.

Wengine watauliza, kwa nini tusiendelee kuwapeleka India? Kwa mgonjwa mmoja mwenye uwezo, India ni jibu. Kwa nchi, hapana, kwa sababu kazi haimaliziki siku ya kushonwa. Uvimbe huu unaweza kurudi au kusambaa baada ya miaka mingi, ndiyo maana miongozo ya Ulaya inataka kipimo cha kila mwaka kwa angalau miaka kumi. Aliyeondolewa tezi zote mbili atameza haidrokotisoni maisha yake yote, na kidonge hicho kikikosekana katika duka la dawa la wilaya kwa wiki moja anaweza kufa. Kubwa zaidi ni familia. Takriban wagonjwa watatu hadi wanne katika kila kumi wa feokromositoma wamezaliwa na hitilafu ya jeni inayorithiwa. Mwaka 2007 watafiti waliwafuatilia jamaa wa yule msichana wa Freiburg wakakuta hitilafu ya jeni ya RET bado imo katika ukoo, miaka 121 baada ya Fränkel kuandika. India haitawaita wadogo zake mgonjwa walioko Tunduru waje wapimwe.

Kwa saratani ya ganda, lazima nikiri ahadi ni ndogo. Uvimbe huu mara nyingi huonekana ukiwa umezidi sentimita kumi, na nafasi nzuri ya kupona ni operesheni ya kwanza kufanywa na mtu anayejua kuutoa mzima bila kuupasua. Dawa yake, mitotani, ilizaliwa katika ukoo wa kemikali wa DDT na hadi leo inasumbua mwili vibaya. Jaribio kubwa la tiba ya saratani hii, lililochapishwa mwaka 2012, lilihitaji nchi 12 ili kupata wagonjwa 304. Lilichelewesha kukua kwa ugonjwa kutoka miezi miwili hadi mitano, bila kuongeza maisha kwa kiwango cha kujivunia. Hata hivyo Brazili ya kusini imeonyesha kinachowezekana tatizo likihesabiwa mapema. Huko hitilafu moja ya jeni ya TP53 hufanya uvimbe wa adrenali kwa watoto uwe mara 10 hadi 15 ya kwingineko. Jimbo la Paraná lilipima watoto wachanga zaidi ya 170,000, likakuta takriban watatu katika kila 1,000 wana hitilafu hiyo, na waliofuatiliwa uvimbe wao ulikamatwa ukiwa mdogo. Sisi daftari la pamoja la wagonjwa wa adrenali kwa kanda nzima ndilo la kuanza nalo. Bila hilo hatutajua kama tuna Paraná yetu mahali fulani.

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na Kenya ilihamia mamlaka mpya ya bima, SHA, Oktoba 2024. Nchi zote mbili bado zinapanga na kupangua orodha za huduma zitakazolipiwa, na ni rahisi kuongeza mstari sasa kuliko baada ya orodha kukaa miaka kumi. Mistari yenyewe ni minne: metanefrini za mkojo kwa anayetimiza vigezo, renini na aldosteroni kwa presha isiyotii dawa tatu, nauli ya mgonjwa aliyepewa rufaa na jopo, na kipimo cha mkojo cha kila mwaka kwa aliyekwisha kupasuliwa.